Kura ya Mbunge Si Mali Yake

Hadi leo majina yao hayajulikani yote. Tarehe 8 Agosti 2017, mjini Cape Town, wabunge wa Afrika Kusini walipiga kura ya siri juu ya hoja ya kutokuwa na imani na Rais Jacob Zuma. Waliotaka aondoke walikuwa 177, waliotaka abaki 198, na tisa hawakuegemea upande wowote. Vyama vyote vya upinzani vilikuwa na viti 151 tu kati ya 400. Piga hesabu mwenyewe: hata kama wapinzani walihudhuria wote na kupiga kura ya aina moja, wabunge wasiopungua 26 wa ANC, chama cha Zuma mwenyewe, walitaka kumng'oa. Wakatoka ukumbini wamechanganyika na wenzao, na maisha yakaendelea.

Wenzangu wengi huitaja kura ile kama mfano wa kuigwa. Wanasema hiyo ndiyo dawa ya bunge letu la Tanzania: mpe mbunge karatasi na kalamu, mfiche, utaona atakavyoifuata dhamiri yake. Mimi dawa hiyo naiogopa, ingawa ugonjwa wanaoutaja naukubali.

Ugonjwa wenyewe ni hofu, na hofu hiyo si ya kubuni. Mbunge wa ANC, Makhosi Khoza, alithubutu kusema hadharani kwamba Zuma aondoke. Alitishiwa kuuawa, chama kikamfungulia mashtaka ya nidhamu, na mwezi Septemba mwaka huohuo akajiondoa ANC. Wakati ule mbunge wa kule aliingia bungeni kupitia orodha ya chama. Ukifukuzwa uanachama, kiti kimekwenda. Ndiyo maana Bantu Holomisa na chama chake cha UDM walimwomba Spika Baleka Mbete aruhusu kura ya siri. Spika akajibu kwamba hana mamlaka hayo. Wakaenda Mahakama ya Katiba, na tarehe 22 Juni 2017 mahakama ikasema mamlaka anayo, ila uamuzi wake uwe na sababu zinazoeleweka, usiwe wa kubahatisha. Siku moja kabla ya kura, Mbete akatangaza kwamba itakuwa ya siri.

Kinachosahaulika katika hukumu ile ni kwamba majaji hawakuisifia siri na kuishia hapo. Walionya pia kwamba gizani rushwa hupita kwa urahisi. Wajerumani wanalijua hilo vizuri. Mwezi Aprili 1972, katika bunge la Ujerumani Magharibi mjini Bonn, kiongozi wa upinzani Rainer Barzel alitaka kumwondoa Kansela Willy Brandt. Alihitaji kura 249 na hesabu zake zilimwambia anazo. Kura zilipigwa kwa siri, akapata 247. Mwaka uliofuata mbunge mmoja wa chama cha Barzel, Julius Steiner, akakiri kwamba hakumpigia kiongozi wake, na akasema alilipwa mark 50,000. Miaka mingi baadaye ikajulikana kwamba idara ya ujasusi ya Ujerumani Mashariki ilikuwa na mkono wake katika jambo lile. Mimi Brandt namheshimu, na huenda ilikuwa heri alibaki. Lakini mpiga kura wa Steiner hakuwa na njia yoyote siku ile ya kujua kwamba sauti yake imepigwa mnada.

Mtu ataniuliza: mbona wewe mwenyewe kwenye sanduku la kura unajificha? Ni swali la haki. Kwenye chama chetu cha kuzikana hapa mtaani tuliwahi kumwondoa mwenyekiti, na tulipiga kura ya vikaratasi. Niliunga mkono, kwa sababu kila aliyekuwa kwenye lile turubai alikuwa anaamua juu ya mchango wake mwenyewe. Hakutumwa na mtu, na hakuwa na wa kumpelekea taarifa. Mbunge hayuko hivyo. Yeye ameshika kura ya maelfu ya watu wa jimbo, na sijawahi kumtuma mtu sokoni na pesa yangu halafu akanijibu kwamba alichonunua ni siri yake.

Faida ya uwazi tuliiona nchini Kenya mwaka 2024. Tarehe 8 Oktoba Bunge la Taifa lilipiga kura ya kumwondoa Naibu Rais Rigathi Gachagua: 281 wakakubali, 44 wakakataa. Siku tisa baadaye Seneti ikamkuta na hatia katika mashtaka matano kati ya kumi na moja. Kura zilikuwa za wazi. Nakubali kwamba uwazi ule ulimfaa mwenye nguvu. Upepo wa Ikulu ulikuwa unavuma upande wa kumwondoa, na kuupinga mbele ya kamera kulihitaji kifua. Hata hivyo mwananchi wa Nyeri au wa Kibwezi anamjua mwakilishi wake alisimama wapi, na anaweza kumkumbusha ifikapo uchaguzi. Mwananchi wa Afrika Kusini hawezi kuwashukuru wale 26, wala hawezi kumwuliza aliyepayuka jukwaani kwamba amechoshwa na ufisadi kama karatasi yake nayo ilisema hivyo.

Sisi Tanzania ubishi huu tumeshaufanya. Mwaka 2014 Bunge Maalum la Katiba pale Dodoma lilipoteza siku nyingi likibishana kura iwe ya wazi au ya siri, na mwisho likaamua kila mjumbe achague mwenyewe. Sijawahi kuona suluhu ya ajabu kama ile. Katika ukumbi ambao wenzako wanasema "ndiyo" kwa sauti, anayeomba karatasi ya siri ameshajitangaza.

Kuna jambo jingine ambalo watetezi wa siri hulipita haraka. Kumwondoa kiongozi hakuanzi na kura, kunaanza na saini. Katiba yetu inataka hoja ya kumshtaki Rais, au ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu, iungwe mkono kwa saini za asilimia 20 ya wabunge wote kabla haijafika mezani. Mwezi Aprili 2012 Zitto Kabwe alizunguka akikusanya saini dhidi ya Waziri Mkuu Mizengo Pinda, na wabunge wachache wa CCM wakatia zao. Mwezi uliofuata Rais Kikwete akapangua Baraza la Mawaziri, na hoja ikaishia hapo. Waliosaini walisaini kwa majina. Sasa siri ya kwenye kura itamsaidia nini mbunge ambaye ameshaogopa kuishika kalamu?

Kwa hiyo tutazame hofu inatoka wapi. Inatoka kwenye kadi ya chama. Ibara ya 71 ya Katiba yetu inasema mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni, ubunge wake unakoma. Na bila chama hawezi hata kugombea. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila aliipinga sheria hiyo hadi Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu pale Arusha, na mwaka 2013 akashinda, lakini mgombea binafsi mpaka leo hatujamwona. Zuma mwenyewe, aliyeiponyoka kura ya siri ya wabunge, alijiuzulu tarehe 14 Februari 2018 kwa shinikizo la kamati kuu ya chama chake. Chama kilitimiza katika siku chache kile ambacho Bunge lilishindwa, kwa sababu viti vya wabunge wale vilikuwa mikononi mwa chama.

Tukimpa mbunge mwenye hofu hiyo kichaka cha kujificha, hofu itabaki palepale, na sisi tutakuwa tumepoteza haki ya kumwona. Ninachotaka kiandikwe katika Katiba mpya tunayoahidiwa kila mara ni hiki: mbunge asivuliwe kiti kwa kura aliyoipiga katika hoja ya kumwondoa kiongozi, hata chama kikimfukuza siku hiyohiyo, na kura hiyo ipigwe kwa kuita majina, iingie kwenye kumbukumbu rasmi za Bunge. Nikipewa la pili bila la kwanza, nitalikataa. Na wewe msomaji, mgombea atakapokuja kwako kuomba kura, mwulize kama yuko tayari kwa yote mawili.