Leseni ya Gari ni Ushahidi

Kijana wa Kenya atimizapo miaka 18 sheria humruhusu kutaka leseni ya gari. Lakini wako wazazi wanaouona mtihani kuwa ni udhia. Hutoa fedha, leseni ikawajia nyumbani. Wao huiita chai, sisi twaiita rushwa, na Mtume (S.A.W.) amewalaani mtoaji na mpokeaji. Tena leseni ni ushahidi kwa wapita njia kwamba huyu ajua kuendesha. Ya kununuliwa ni ushahidi wa uwongo. Akimwua mtu kwa kukosea, Surat An-Nisaa, aya ya 92, yataka diya kwa jamaa za marehemu, na kwa kuwa leo hapana mtumwa wa kuachwa huru, saumu ya miezi miwili mfululizo. Baba aliyetoa chai hawezi kufunga badala yake hata siku moja.