Shina Moja, Matawi Mengi



Himidi zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.).

Ndugu zangu, hasa mnaosoma kompyuta, wengi wenu mnajiuliza: nijue kidogo cha kila kitu, au nizame kwenye jambo moja? Muhula huu mtu yuko kwenye tovuti, ujao usalama wa mitandao, unaofuata akili bandia. Ukimchunguza, kinachomkimbiza ni hofu ya riziki. Anaogopa achague moja, kisha soko lihame.

Tumtazame Zayd bin Thabit (R.A.), kijana aliyekuwa mwandishi wa Mtume (S.A.W.). Alipoamrishwa ajifunze maandishi ya Mayahudi, alijifunza kwa nusu mwezi hivi, akawa anamwandikia na kumsomea Mtume barua zao. Baadaye Abubakar (R.A.) alimkabidhi kukusanya Qur'ani, na Uthman (R.A.) akamwita tena katika kunakili misahafu. Kazi zilibadilika, lakini zote zilitoka kwenye shina moja: kuandika kwa uaminifu. Kila kazi mpya ilimkuta tayari.

Basi usifunge maisha yako kwenye chombo, kwani lugha za programu huja na kupita. Shika tatizo: kulinda fedha za watu, kutunza kumbukumbu za wagonjwa, kufikisha masomo vijijini. Misingi ya fani yako ijue yote, uichukulie kama fardhi ayn. Kisha chagua mlango mmoja ambao umma umekosa msimamizi, nao ni fardhi kifaya.

Tusidhani haya ni mambo ya mshahara tu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba anayejitia utabibu na hajulikani kwa utabibu, hubeba dhamana ya madhara. Hapa kwetu Uganda, kijana anaweza kuombwa na Sacco ya akina mama awatengenezee mfumo wa kutunza akiba, akakubali kwa kuwa amegusa kila kitu, ilhali usalama wa data hajausoma. Fedha zikiibiwa, atawajibu nini mbele ya Allah? Kusema, "Hili silijui, mwulizeni fulani," ni katika amana.

Riziki iko kwa Mola wetu. Juu yetu ni kufanya kazi kwa itqan. Kabla muhula huu haujaisha, nenda kwa mwalimu wako, mtajie tatizo moja, kisha ulishike mwaka mzima.

Allah atuzidishie elimu yenye manufaa. Amin.