Haki ya Mmea Usio na Jina

Tangawizi tunayotia kwenye chai haijulikani kuota yenyewe mwituni popote. Imelelewa na binadamu kwa karne nyingi. Ndugu zake wa porini, wasio na mteja sokoni, ni wengi mno: ukoo huu una spishi zaidi ya 1,300. Katika hifadhi ya Danum Valley, jimbo la Sabah kisiwani Borneo, wanaoziorodhesha hulazimika kuinama hadi chini, kwani maua ya spishi kadhaa za Etlingera, jenasi mojawapo ya ukoo huu, huchomoza ardhini, mbali na majani.

Ua lenyewe mara nyingi hudumu siku moja tu, na likikaushwa hupoteza umbo. Basi mtafiti hulikata na kulihifadhi kwenye spiriti. Je, ana haki hiyo?

Kurani, katika sura ya 76, inataja kinywaji cha peponi kilichochanganywa na tangawizi. Lakini mmea usiotajwa wala kunywewa nao ni kiumbe, na thamani yake haikuanza siku tulipouona. Kukata shina moja kunakubalika, maana tunguu lililobaki udongoni litachipua tena, na spishi isiyojulikana ni vigumu kuitetea. Mtafiti akikuta mmea mmoja tu, picha na maelezo vimtoshe.