Mlinzi Aliyelala na Mlinzi Mwongo: Miguu, Subira na Maladi ya Sukari Kasongo na Kabambare

Katika swali la kale la sababu ya maumivu duniani, wanazuoni wa Kiislamu na wa Kikristo wamekuwa na jibu moja lisilochakaa, nalo ni kwamba maumivu ni mlinzi aliyewekwa mlangoni pa mwili, ili mkono uondoke motoni kabla haujaungua na mguu uinuke kabla mwiba haujazama. Jibu hilo lina nguvu yake, lakini linapelekwa penye mtihani mgumu na ugonjwa wa kisukari, ambao kusini mwa jimbo la Maniema huko Kongo, Kasongo na Kabambare, huitwa maladi ya sukari, kwa sababu ugonjwa huo humlaza mlinzi na kumfanya mwongo kwa wakati mmoja, tena katika mguu mmoja.

Sukari inapozidi katika damu kwa miaka mingi, huharibu mishipa ya fahamu (neva), yaani nyuzi zinazopeleka ubongoni habari za mguso, joto na maumivu, pamoja na vimishipa vya damu vinavyozilisha nyuzi hizo. Kwa kuwa nyuzi ndefu kuliko zote ni zile zinazofika vidoleni mwa miguu, madhara huanzia huko na kupanda polepole kama soksi inayovutwa kuelekea gotini. Takriban nusu ya wenye kisukari hupatwa na uharibifu huo hatimaye, na baadhi yao huanza kuhisi moto, sindano au mishtuko kama ya umeme, hasa usiku, kiasi kwamba shuka ikigusa vidole tu usingizi unakatika. Asubuhi mtu huyohuyo aweza kukanyaga kaa lililoanguka kutoka mafigani asijue, mpaka nyumba inuke nyama iliyoungua.

Hali hizo mbili zastahili kutenganishwa, maana kila moja yadai hoja yake. Kuhusu ganzi, aliyeeleza vizuri zaidi ni daktari wa upasuaji Paul Brand, aliyefika Vellore, India, mwaka 1946 na kuwatibu wagonjwa wa ukoma huko, akaonyesha kwamba vidole vyao havikuoza kwa ukoma wenyewe bali viliumizwa siku kwa siku kwa kukosa maumivu ya kuvionya. Baadaye, huko Carville, Louisiana, aliyatumia mafunzo hayo kwa miguu ya wagonjwa wa sukari. Yeye na wenzake walijaribu hata kutengeneza mtambo wa kuonya mahali pa maumivu wakashindwa, sababu mojawapo ikiwa kwamba onyo ambalo mtu anaweza kulizima hulizima. Brand, aliyekuwa Mkristo, alihitimisha kwamba maumivu ni zawadi.

Kabambare yenyewe ina mfano wa kale unaomuunga mkono. Mwaka 1870 mmisionari David Livingstone alikwama huko, mahali alipopaita Bambarre, kwa miezi kadhaa kwa ajili ya vidonda vya miguu, akabaki ndani akisoma Biblia yake. Havikuwa vidonda vya sukari, na ndipo penye funzo: vilimuuma, kwa hiyo akaketi, navyo vikapona. Mwenye ganzi hana kinachomketisha; huenda shambani juu ya kidonda chake, akarudi nacho kimefika mfupani.

Hata hivyo hoja ya zawadi haifui dafu mbele ya moto wa usiku. Hapo hakuna kaa wala mwiba. Uzi uliojeruhiwa unapiga kelele wenyewe, na ubongo unaipokea kelele hiyo kama habari ya mguu unaoungua. Kumwambia anayeumwa hivyo kwamba maumivu yake yanamlinda ni kumwambia jambo lisilo kweli, na ni hapo hasa maelezo mengine hupata nafasi, mathalani dhana iliyoenea Afrika ya Mashariki na Kongo kwamba mtu amekanyaga dawa iliyotegwa njiani. Dhana hiyo humpa mgonjwa adui mwenye uso, lakini humchelewesha, kwa kuwa miguu inayowaka ina sababu nyingi zinazoweza kutafutwa: ukosefu wa vitamini B12, ambao metformini, dawa ya sukari yenyewe, huweza kuuleta ikitumiwa kwa miaka; isoniazidi ya kifua kikuu; pombe; ukoma.

Basi subira inadai nini mbele ya maumivu yasiyo na habari ya kuleta? Kasongo, uliokuwa makao ya mfanyabiashara Tippu Tip katika karne ya 19, ni mji ambao Uislamu ulifika na misafara ya Waungwana, yaani Waswahili wa pwani na wafuasi wao, na neno subira hutamkwa huko kila siku kwa Waislamu na Wakristo sawia. Mara nyingi huchukuliwa kuwa ni kunyamaza, lakini Ayubu, anayetajwa kuwa kielelezo cha subira katika Kurani na katika Biblia, hakunyamaza. Alimlalamikia Mola wake waziwazi. Imran bin Huswain, sahaba aliyekuwa na bawasiri, yaani maradhi yasiyoonekana na watu, alimuuliza Mtume kuhusu sala akaruhusiwa kuswali ameketi, na asipoweza, alale kwa ubavu. Sheria haikumdai kwanza awaonyeshe jirani kidonda.

Kuhusu dawa, mwanazuoni wa Kiislamu al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aligawa njia za kuondoa madhara katika mafungu matatu: zenye yakini, kama maji kwa kiu, zenye kudhaniwa kwa nguvu, kama tiba za matabibu, na zenye kuwaziwa tu. Kuacha za kwanza si kumtegemea Mungu hata kidogo, na kutumia za pili hakupingani na kumtegemea. Dawa za maumivu ya neva zimo barabara katika fungu la pili. Parasetamoli husaidia kidogo; amitriptilini, dawa ya kale ya sonona isiyo ya bei kubwa, hutolewa usiku kwa kipimo kidogo, kwa uangalifu kwa wazee na wenye maradhi ya moyo; zipo pia gabapentini, pregabalini na duloksetini, na hata marhamu inayotokana na ukali wa pilipili. Maumivu yakipungua kwa nusu huhesabiwa kuwa ni mafanikio, na si kila mgonjwa hufika hapo. Aliyeahidiwa kupona kabisa ataiacha dawa katika wiki ya pili, wakati aliyeelezwa ukweli huendelea, kwa hiyo ukweli wa muuguzi ni sehemu ya tiba.

Ganzi, kwa upande wake, haina kidonge. Inabaki jicho kufanya kazi ya mlinzi aliyelala, na udhu, unaomalizikia miguuni, humpa Mwislamu mara kadhaa kwa siku nafasi ambayo wauguzi hulazimika kuiombea. Lakini udhu huohuo una hatari zake: maji ya moto yapimwe kwa kiwiko au kwa mkono wa mtu mwingine, maana mguu hautasema, na katikati ya vidole pakaushwe kwa kitambaa, kwa kuwa unyevu hupasua ngozi. Wakatoliki wa Kasongo, wanaoona miguu ikioshwa kila Alhamisi Kuu, hawako mbali na fikra hiyo, ingawa mara moja kwa mwaka haitoshi kwa mguu wa sukari.

Tatizo ni kwamba sukari iliyoharibu neva mara nyingi imeshaharibu na macho, na mzee mwenye magoti magumu hawezi kuugeuza unyayo wake auone. Maumivu, ambayo ni ya mtu peke yake kuliko kitu chochote, yanapokosekana huacha kazi ambayo mwenyewe haiwezi: jioni, kabla taa haijapunguzwa, mjukuu ashike kisigino cha babu yake, atenganishe vidole kimoja kimoja, aseme anachokiona.