Miezi Isiyohesabiwa

Mama mkubwa alistaafu ualimu mwaka juzi. Yeye na jirani yake hapa Chiwata, mwalimu wa kiume, walianza kazi mwaka mmoja na kustaafu mwaka mmoja, wote wakiwa na miaka 60. Jioni moja nikiwa likizo, tunabangua korosho barazani, akaniuliza, "Mwanangu, wewe unayesoma sheria, hebu niambie. Pensheni ya mwenzangu imenizidi. Kwani mimi nilikuwa mwalimu nusu?"

Nilimjibu kisomi. Sheria yetu haibagui: mtumishi wa umma hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akiwa na 60, mwanamke kwa mwanamume. Kikokotoo kilichoanza Julai 2022 nacho hakiulizi jinsia. Huangalia miezi ya utumishi na mshahara, kisha humkadiria kila mstaafu miaka 12.5 ya kuishi, ingawa kwa kawaida wanawake huishi zaidi. Kampuni ya bima ingeweza kutumia tofauti hiyo kumpunguzia mwanamke malipo ya kila mwezi. Nikajiona nimemaliza.

"Na miezi yangu?"

Bibi alipopooza, yeye ndiye aliyechukua likizo bila malipo kumuuguza. Kaka zake hawakuulizwa. Miezi ile haimo kwenye hesabu. Ualimu mkuu alioukataa ili asihamishwe mbali na mgonjwa nao haumo kwenye mshahara.

Usiku ule nilidhani nimepata dawa: wanawake wastaafu mapema. Uingereza ilifanya hivyo kwa miaka mingi, wanawake 60, wanaume 65. Lakini Christine Goodwin, aliyeandikishwa mwanamume alipozaliwa na baadaye akaishi kama mwanamke, alitakiwa kuendelea kuchangia mpaka 65. Mwaka 2002 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ilimpa haki. Kilichokusudiwa kuwa nafuu kiligeuka mlango wenye bawabu anayekagua cheti cha kuzaliwa. Tena kwa mama mkubwa kustaafu mapema kungekuwa hasara: miezi pungufu, pensheni pungufu.

Sasa naona nilikuwa natafuta haki mahali sipo. Cha kuhesabiwa si jinsia ya mtu, ni kazi ya kulea na kuuguza, afanyaye awe nani. Jirani angemuuguza mama yake, miezi yake nayo ihesabiwe. Mtaniuliza, nani alipe? Swali ni la haki, maana mfuko ni michango ya watu. Lakini gharama ile ilikwisha kulipwa. Ililipwa na mtu mmoja.

Asubuhi nilimweleza hayo. Alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Sawa. Na bibi yako, aliyelima mikorosho mpaka mwili ukakataa, asiyewahi kuwa na mwajiri? Miezi yake utaiandika wapi?"

Nilirudi chuoni na swali hilo. Bado ninalo.