Mwenye Nyumba Asiye na Ufunguo

Kumiliki ni nini? Swali hili ni kongwe kuliko majumba ya mawe ya mwambao, na watu wa visiwani hawakulijibu kwa neno moja. Katika Unguja na Pemba ardhi imekuwa na mwenyewe, na mti nao ukawa na mwenyewe: mnazi wa huyu husimama katika kiwanja cha yule, naye mwenye mnazi hupita akaangua nazi zake pasi na ugomvi. Mafakihi nao walikitenga kitu na manfaa yake, hivyo mtu huweza kuwa na nyumba ilhali mwenzake ana haki ya kuikaa hadi muda wao utimie. Mambo haya hayakuleta fujo pale ambapo kila mmoja aliujua mpaka wake, na aliujua kabla ya kutoa fedha.

Simu ya kisasa ya mkononi imeingia bila ya kutajiwa mpaka huo. Mtu huinunua kwa jasho la miezi, aghalabu ikiwa imekwisha kutumika Dubai au Ulaya, na tangu siku hiyo huiita yake. Lakini akitaka kuing'oa programu ambayo kiwanda kiliiweka humo, simu humkatalia. Akitaka nakala kamili ya kila kilichomo, hapewi njia. Ndani ya simu yake mna daraja la mamlaka ambalo yeye hakukabidhiwa. Mafundi huliita «ruti», yaani mzizi, na kitendo cha kulitwaa hukiita kuruti simu. Swali linalomkabili mwenye simu ya mfumo wa Android ni hili: je, autwae mzizi huo, au auache ulipo?

Neno lenyewe lina historia. Mwaka 1969, katika maabara za Bell huko Marekani, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kuunda mfumo wa kompyuta ulioitwa Unix. Kompyuta za siku zile zilikuwa ghali, moja ikitumiwa na watu wengi, kwa hiyo ilibidi kila mtumiaji awekewe ua asichungulie kazi ya jirani. Mmoja tu, aliyepewa jina la ruti, ndiye aliyeweza kuvuka nyua zote, naye alikuwa msimamizi. Fikra hiyo ilirithiwa na Linux, iliyotolewa na Linus Torvalds mwaka 1991, na juu ya Linux ikajengwa Android, iliyoingia sokoni 2008. Hapo pakatokea mgeuko. Simu aghalabu ni ya mtu mmoja, basi ua ukawekwa baina ya programu na programu: kila moja huhesabiwa kuwa mtumiaji mbali, mwenye chumba chake. Msimamizi akabaki, ila hakukaa tena ndani ya nyumba. Ufunguo wake ulishikwa na aliyeiunda simu, na mnunuzi akawa mpangaji mwenye heshima katika nyumba aliyoilipia yote.

Wanaotetea kuutwaa mzizi wana hoja isiyo nyepesi. Julai 2009 kampuni ya Amazon ilivifuta vitabu viwili vya George Orwell kutoka katika vifaa vya kusomea vya watu waliokwisha kuvilipia, kwa sababu aliyeviuza hakuwa na haki navyo. Fedha zilirudishwa, na mkuu wa kampuni, Jeff Bezos, akaomba radhi. Lakini kilichowauma wasomaji hakikuwa fedha. Walitambua kuwa muuzaji anaweza kuingia chumbani usiku akatoa kitabu rafuni. Kimojawapo kilikuwa riwaya iitwayo 1984, inayosimulia utawala unaofuta maandishi ya jana. Marekani kwenyewe, ambako sheria ya 1998 ilikuwa imekataza kuvunja kufuli za kidijitali, Maktaba ya Bunge ilitoa ruhusa Julai 2010 kwa mwenye simu kuifungua ili atie programu alizozipata kwa halali, na ruhusa hiyo imekuwa ikihuishwa tangu hapo.

Upande wa pili nao haukukosa ushahidi. Machi 2011 ziligunduliwa programu zaidi ya 50 katika soko la Android zilizobeba kirusi kilichopewa jina la DroidDream. Kirusi hicho kilipenya kwa nyufa zilezile ambazo wapenda uhuru walizitumia kuruti simu zao. Kilichotofautiana ni nia, na ufa haumwulizi mtu nia yake. Walioliondoa janga lile ni Google, waliozifuta programu hizo kwa mbali kutoka katika simu za watu bila ya kubisha hodi. Mkono ulioingia chumbani ukatoa kitabu na mkono ulioingia ukatoa nyoka ulipita mlango wa namna moja. Mwenye kutaka mlango huo uzibwe akubali kuwa siku ya nyoka ataitwa peke yake.

Wahenga walisema mwana akililia wembe apewe, damu itamfunza. Methali hiyo husimama juu ya sharti ambalo halitajwi: kwamba atakayekatwa ni yuleyule anayelia. Simu haitimizi sharti hilo. Humo mna namba za watu mia na zaidi, mna picha za harusi ambamo wanawake wamekaa kwa raha wakijua hazitatoka nje ya jamaa, mna sauti za wazee, hesabu za upatu, na siri ya jirani aliyeomba shauri usiku. Vyote hivyo ni amana. Kwa kioo na betri mtu ni mwenye mali. Kwa vilivyomo ni mshika amana tu. Akiufungua mzizi kwa kufuata maelekezo asiyoyaelewa, kisha akaipa programu ya kuchezea idhini ya kuvuka nyua zote, alichohatarisha si chake. Kauli ya «simu ni yangu» inaishia hapo, sawasawa na kauli ya mwenye jahazi anayetaka kuvuka mkondo katika tufani, abiria wakiwa ndani, kwa kuwa mbao na tanga ni zake.

Gharama nazo zijulikane. Katika simu nyingi, kuifungua programu ndogo inayouamsha mfumo hufuta kila kilichomo, kwa makusudi, ili mwizi asipate cha kusoma. Asiyeweka nakala amepoteza. Katika simu nyingi za Samsung zilizotoka tangu 2013 mna fyuzi ya kielektroniki ambayo huungua simu inapotiwa mfumo usio wa kiwanda, na ikisha kuungua hairudi, hata simu irejeshewe mfumo wake wa asili. Programu nyingi za benki hukataa kufanya kazi katika simu iliyorutiwa. Kwa mwenye duka mtaani ambaye malipo na hesabu zake hupitia humo, kukataliwa huko si usumbufu mdogo.

Hata hivyo, hoja ya ulinzi humfunga mlinzi kabla ya kumfunga mlindwa. Kiwanda husema: ufunguo tunao sisi kwa kuwa sisi ndio tunaolinda. Vyema. Ulinzi huo hufanywa kwa masasisho, yaani viraka vinavyotumwa kuziba nyufa mpya kila zinapogundulika. Simu nyingi za bei nafuu zimekuwa zikipata viraka kwa miaka miwili au mitatu, kisha kimya. Mlinzi ameondoka lindoni, na ufunguo ameondoka nao. Nyufa zinaongezeka, wezi wanazijua, na mwenye nyumba hana ruhusa ya kupiga lipu. Hapa dai la kiwanda huanguka kwa hoja yake lenyewe, kwani haki ya kushika ufunguo ilitokana na kazi, na kazi imekoma.

Umoja wa Ulaya umeliona nusu ya jambo hili: tangu Juni 2025 kanuni zake zinataka simu mpya zinazouzwa huko zipewe masasisho kwa miaka isiyopungua 5 baada ya aina hiyo kuacha kupelekwa sokoni. Nusu ya pili, yaani kukabidhi ufunguo siku zamu inapokwisha, haijawa desturi. Wenye kujitolea wameziba sehemu ya pengo. Mradi wa LineageOS, uliozaliwa mwishoni mwa 2016 baada ya CyanogenMod kufungwa, huzitia baadhi ya simu zilizoachwa na viwanda mfumo mpya wenye viraka. Na la kuzingatia ni kwamba mfumo huo hautolewi pamoja na ruti: mwenye simu hufungua kufuli ya mlango, humweka mlinzi mwingine, na nyua za ndani hubaki kama zilivyo.

Alhasili, maswali mawili yamekuwa yakichanganywa. La kwanza ni nani mwenye haki ya ufunguo. Jawabu ni aliyenunua, na haki hiyo haimtoki kwa kuwa yeye si fundi, kama vile mwenye nyumba hapokonywi nyumba kwa kutojua uashi. La pili ni kama inafaa autumie, na hilo hujibiwa na hali, si na haki. Mwenye simu ambayo bado inalindwa, iliyojaa amana za watu, na ambaye analotaka ni kubadili sura ya kioo tu, hana udhuru wa kuubomoa ua. Mwenye simu iliyotelekezwa ana udhuru, na pengine ana wajibu. Lakini kwanza azitoe amana humo, kisha ajifunze anachokifanya, ndipo afungue.

Na anayekwenda dukani leo kununua ana nafasi ambayo wengine hao wameikosa. Aulize mambo mawili kabla ya kuhesabu fedha: kiwanda kitalinda hadi lini, na baada ya hapo ufunguo utakuwa kwa nani. Wenye minazi na wenye viwanja walikaa miaka mingi kwa amani kwa kuulizana maswali ya namna hiyohiyo.