NANI ANABEBA MZIGO?

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa Rehema, Mwenye Kurehemu. Sifa njema zote ni zake, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake.



Usiku mmoja baada ya sala ya Isha walinijia mume na mke wa hapa Butembo. Mume anauza liputa sokoni, na miaka mingi alikuwa akiweka franga ili anunue gari. Akaniambia: "Shehe, nimeamua. Gari sinunui tena, na pikipiki nitaiuza. Tutatembea kwa miguu, tutakula tunacholima, na safari za Dubai nimeziacha. Nataka maisha mepesi kama ya maswahaba."

Nilifurahi, nikawa tayari kumuombea dua. Kisha nikamgeukia mama nimuulize naye anasemaje. Alinyamaza kidogo, akasema: "Shehe, mimi natembea kwa miguu tangu nilipoolewa. Baba watoto ndiye anaanza leo. Akiuza pikipiki, mihogo ya shamba itapanda mlima mgongoni mwa nani?"

Nakiri kwamba sikuwa na jibu. Niliwaomba warudi baada ya Ijumaa. Swali la mama huyu si lake peke yake. Ni letu sote: je, maisha mepesi ni ibada ikiwa uzito wake umewekwa juu ya mtu mwingine?

Tuanze na haki ya mume. Katika Sura ya Al-Furqan Mwenyezi Mungu amewasifu waja wake wanaotembea juu ya ardhi kwa unyenyekevu, ambao wakitumia hawafuji wala hawafanyi ubakhili, bali hushika katikati. Mji wetu unajulikana mbali kwa wafanyabiashara wake wanaofika Dubai na Guangzhou. Biashara ni halali, na Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliifanya. Lakini wangapi kati yetu tunapanda pikipiki kwa mwendo wa dakika kumi ili tu watu watuone? Esansi ile imetoka bandari ya Mombasa, ikapita Uganda nzima hadi Kasindi, ndipo ikatufikia. Na makala tunayochoma, mengine yamekatwa ndani ya Parke ya Virunga, iliyowekwa tangu mwaka 1925. Tunapofurahia gunia la bei ya chini, tujue kwamba bei iliyobaki watailipa watoto wetu, siku watakapokosa miti na mvua. Basi mume huyu hakukosea kutaka kupunguza.

Lakini tusichanganye mambo. Si kila anayetembea kwa miguu ni mwenye zuhudi. Tunao ndugu zetu waliokimbia vijiji vya upande wa Beni tangu mauaji ya mwaka 2014. Wametembea na watoto mgongoni na sufuria kichwani, wala hawakuchagua. Kumwambia mtu wa namna hiyo afurahie maisha mepesi ni kumdhihaki. Zuhudi ni ya yule anayeweza kupata, kisha akauzuia moyo wake. Na barabara ikiwa na hatari, si uchamungu kujitupa ndani yake ili usemwe kuwa umetembea.

Sasa tufike kwenye swali la mama. Ndugu zangu, mzigo haupotei kwa sababu mwenye nyumba amesema hautaki. Unahamia mgongo mwingine. Ukiuza pikipiki na mihogo bado inahitajika nyumbani, kuna mtu ataibeba kwa kamba kichwani, na sote tunajua katika milima hii ni nani. Mume akisifiwa msikitini kwa zuhudi ambayo jasho lake ni la mke, sifa ile si yake.

Tazameni safari ya Badri, mwaka wa 2 wa Hijra. Waislamu walikuwa zaidi ya 300, na ngamia kama 70 tu. Njia ni karibu kilomita 150, zaidi ya mara mbili ya kutoka hapa hadi Beni. Wakawa wanapanda kwa zamu, watu watatu ngamia mmoja. Mtume (s.a.w.) alishirikiana na Ali na Abu Lubaba. Zamu yake ya kutembea ilipofika walimwomba aendelee kupanda, wao watembee kwa niaba yake. Akakataa. Akawajibu kwamba wao hawamshindi nguvu, wala yeye si mwenye kutohitaji thawabu. Na nyumbani kwake, Bibi Aisha (r.a.) ametueleza kwamba alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake.

Hayo ndiyo maisha mepesi ya Mtume wetu. Hakusema tu kwamba ngamia wachache wanatosha. Alishuka akatembea zamu yake.

Mume na mke waliporudi, niliwasomea habari hiyo. Hawakuuza pikipiki. Walikubaliana kwamba dukani mume ataenda kwa miguu, na pikipiki itaenda shambani siku za kuvuna. Siku ambazo haiendi, watabeba kwa zamu. Mali ya Dubai ataagiza pamoja na wenzake, mmoja asafiri kwa niaba ya wengi. Mama akapata babula isiyokula makala mengi. Na katika franga za gari, waliamua kulipa ada ya shule ya mtoto mmoja wa wakimbizi. Mama alipokuwa akitoka alicheka, akasema: "Sasa hata mimi nimeamua."

Enyi waumini, kabla ya kusema "mimi nimejinyima", uliza nyumbani: nimejinyima mimi, au nimewanyima wengine? Muulize mkeo. Mfikirie jirani. Ifikirie ardhi ambayo wajukuu wako wataikuta. Kama wote hao wamepata nafuu, basi umeishi maisha mepesi. Kama wamezidi kulemewa, wewe umetua mzigo tu, na wengine wameuokota.

Ewe Mola wetu, tupe riziki ya halali na mioyo inayotosheka. Tujaalie tubebeane mizigo katika nyumba zetu, uwarudishe salama waliokimbia, na uiteremshe amani Beni, Butembo na nchi yetu yote. Amin.